Sauti ya Nyuma ya Pazia

Nyuma ya pazia palikuwa na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na maikrofoni. Hapo ndipo dada mmoja alipoimbia kwa miaka sita, akichungulia kwenye tundu la pazia ili aende sawa na midomo ya Binti, aliyesimama jukwaani akijifanya anaimba. Nyimbo zote za mapenzi, zile za taratibu za kuliza watu, alizitunga yeye. Lakini uso wake, alisema Bosi, hauuzi tiketi.

"Leo unaniita jukwaani," alimkumbusha Bosi. "Uliahidi. Mama yangu yuko kiti cha mbele."

Mama alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe ni mwimbaji. Walimcheka mpaka akaacha kwenda kisimani.

"Subira huvuta heri, dada yangu."

"Miaka sita inavuta tu! Kamba haijakatika?"

Bosi akacheka. "Nikikuita wewe, si tutaonekana matapeli?"

"Kwani sisi ni nani?"

Kicheko kikakatika. "Kaa uimbe, mama. Usijiharibie."

Alikaa. Hakuwa na kazi nyingine. Hata hivyo aliapa: ubeti wa tatu atanyamaza, Binti aachwe mdomo wazi mchana kweupe, watu wajionee.

Ubeti wa kwanza ulipita, na wa pili. Akafumba mdomo.

Sauti haikukatika. Iliendelea kwenye spika, ikapanda pale inapopanda, ikavuta pumzi pale anapovuta yeye.

Juzi fundi mitambo alimwimbisha wimbo mzima mara tatu. "Napima spika tu, dada," alisema. Na yeye, kwa kuipenda kazi yake, ndiye aliyeomba kurudia ubeti wa tatu, kwa kuwa hakuridhika nao.

Akaidaka maikrofoni akapiga kelele, "Ni mimi! Mama, ni mimi!" Hakuna aliyegeuka. Kijitaa cha maikrofoni hakikuwaka. Leo haikuwa imewashwa kabisa.

Kwenye tundu alimwona mama yake amesimama na wenzake, akimpigia Binti makofi huku akifuta machozi.

Mlinzi akaingia. "Samahani, mama. Naomba hicho kiti, kuna mgeni mbele hana pa kukaa."

Alisimama, akampa. Midomo yake, bila yeye kutaka, ilikuwa ikiufuata wimbo.