Ya Ngazi Tuiache

Mwanga ulikuwa kwenye pembe ya sebule, na Fundi aliujua. Hakuuona kama unavyouona wewe; kwake ulikuwa doa tu gizani, doa linalotetemeka, mara jeupe, mara la samawati, mara limezama lote. Lakini lilimtosha. Doa likiwaka, Fundi alijivuta kwenye kochi, akapapasa mkono wa mkewe, akauweka juu ya paja lake, akasema neno lake la kila jioni.

"Niambie, Mwalimu."

Na Mwalimu akamwambia. Alimwambia nani kaingia na nani katoka, nani kanuna, nani kavaa gauni ambalo mtu mwenye akili zake hawezi kulivaa akatoka nje. Alimsomea maandishi yanayopita chini ya kioo cha runinga, maana watu wa tamthilia zile walisema lugha ya kwao, lugha ambayo mume na mke hawakuijua hata salamu yake. Alisoma upesi, bila kuruka, kwa sauti ile ile aliyofundishia darasa la kwanza. Pale maandishi yalipomzidi mbio aliongeza ya kwake, akatia chumvi kidogo, na hadithi ikanoga kuliko walivyoitunga wenyewe.

Fundi alikuwa mtu wa vyuma. Mageti mengi ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake, na nondo za madirisha, na vitanda ambavyo watoto wa watu walizaliwa juu yake na sasa wanalaza watoto wao. Wapita njia walisema moto wa kuchomelea ndio uliomla macho. Wapi! Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokuja kimya kimya, usiouma, unaokwangua pembeni, pembeni, mpaka mtu anabaki kuichungulia dunia kwenye tundu la ufunguo, kisha hata tundu linazibwa. Uso wa Mwalimu ulikaa katika lile tundu mpaka mwisho. Siku ulipoondoka, Fundi alilia, na hakuona haya kusema kwamba alilia.

Ukaondoka uso, ikabaki sauti. Basi sauti ndiyo ikawa uso. Kwa sauti alijua kwamba mkewe amekunja ndita, kwa sauti alijua kwamba amesuka upya na anasubiri kusifiwa, kwa sauti alijua kwamba anatabasamu upande mmoja, ule wa jino lililovunjika. Wengine wana picha ukutani. Yeye alikuwa na mtu anayeongea.

Tamthilia zao walizipa majina yao wenyewe. Kulikuwa na Ya Hospitali, ambamo madaktari walipendana kuliko walivyotibu. Kulikuwa na Ya Mapishi, ya watu wanaoshindana kupika huku wakilia, kama kwamba kitunguu peke yake hakitoshi. Na kulikuwa na Ya Ngazi. Ya Ngazi ilikuwa ya nyumba moja kubwa na familia moja yenye mali na kisirani, na kila ugomvi ndani yake ulitokea kwenye ngazi. Hakuna aliyewahi kugombana sebuleni. Bibi Mkubwa alisimama juu, wakwe walisimama chini, na katikati alipita msichana wa kazi na ndoo yake, ambaye wao walimwita Ndoo. Fundi aliipenda Ya Ngazi kwa kila kiungo cha mwili. Mchana, akiwa peke yake barazani, aliwawazia wale watu kama mtu anavyowawazia jirani.

Kisha sauti ya Mwalimu ikaanza kukwaruza.

Mwanzoni walisema vumbi la chaki. Halafu wakasema mafua. Halafu wakaacha kusema, maana sauti ilikuwa inakatika katikati ya sentensi, inapotea, inarudi inajikokota kama imevaa kandambili. Shuleni watoto ni tele, darasa halina dari, na mvua ikipiga bati ni lazima upige kelele kuishinda mvua. Kutwa nzima Mwalimu aliimba a, e, i, o, u. Jioni akaja kuwa macho ya mtu. Koo ni nyama tu, jamani. Koo si chuma.

Daktari alimwingizia kamera kooni, akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia apunguze kuongea, apunguze sana, la sivyo vinundu vitakua na sauti inaweza kwenda moja kwa moja. Binti yao mkubwa ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyerudi kumweleza baba yake, polepole, huku amemshika mabega. Fundi aliuliza maswali mawili matatu ya kiume, kuhusu dawa na kuhusu siku za kurudi. Moyoni alikuwa na swali moja tu. Ikienda hiyo sauti, mke wangu nitampata wapi?

Wakakaa kuchagua. Ipi waendelee nayo, ipi waiache. Utasema ni jambo dogo, runinga ni runinga. Hebu kaa mahali pao. Sauti iliyobaki ni kidogo, jioni ni nyingi, na kila tamthilia inakula.

Ya Hospitali ilitoka kwanza, bila ubishi. Watu wake wanasema mno, Mwalimu alisema, na Fundi akakubali kwamba hata mgonjwa mahututi anahutubia. Ya Mapishi ilisumbua. Haikuwa na maneno mengi, lakini yote yalikuwa ya kuona: rangi ya mchuzi, unene wa unga, sura ya jaji akionja. Mwalimu alijaribu kusema kwa ufupi, akawa anamwambia "nzuri" na "mbaya", na Fundi akabaki na njaa. Ikatoka nayo.

Binti akaleta ushauri. Kuna tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili, baba, hizo hazihitaji mtu wa kukusomea. Wakajaribu. Masikini binti, alitaka mema. Lakini waliozisemea walikuwa wachache kuliko wahusika, na ile sauti iliyomwapiza mkwe ndiyo hiyo hiyo iliyojibu kwa niaba ya mkwe, na baadaye ikabweka. Fundi hakufua dafu. Alikuwa akiuliza nani huyo, na Mwalimu akalazimika kumjibu, na koo likaumia vile vile.

Ikabaki Ya Ngazi peke yake. Na jioni moja, katikati ya ugomvi mkubwa wa urithi, sauti ya Mwalimu ilikatika na haikurudi upesi. Fundi alimsikia anameza. Alimsikia anajaribu tena, hewa tupu ikatoka, hewa yenye makwaruzo.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Alijua kwamba akimwambia "pumzika", Mwalimu atasema "nimalizie hapa tu", na atamalizia mpaka aishe. Miaka yote alikuwa hivyo. Kwa hiyo akaona amdanganye.

"Zima," alisema. "Ya Ngazi tuiache. Imenichosha. Hata unavyoisoma siku hizi, hainogi."

Alidhani ameokoa koo. Hakuona uso alioukata. Doa la mwanga likazimika kwenye pembe ya sebule, kochi likainuka kidogo upande wa pili, na kandambili zikaenda chumbani bila haraka.

Asubuhi yake walirudi kwa daktari, na daktari hakusema tena habari ya kupunguza. Alisema kimya kabisa. Si neno, si mnong'ono, mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Shule ikampa Mwalimu ruhusa, na nyumba ikapoa.

Sasa fikiria. Kipofu na bubu, chini ya bati moja. Huyu hawezi kuona ishara, yule hawezi kutoa neno. Mwalimu akimwekea chai, aligonga kikombe mezani. Akitaka kumjulisha kwamba maji ya kuoga yako tayari, alimgusa bega. Walipatana kwamba Fundi akiuliza jambo, gonga moja kwenye mkono wake ni ndiyo, gonga mbili ni hapana. Mambo ya nyumba yakaenda. Umekula? Moja. Binti atakuja leo? Mbili.

Ila kuna maswali ambayo gonga haitoshi. Kimya hiki ni cha daktari, au ni cha hasira? Mtu mwenye macho angetazama midomo, angeona kama imebanwa. Fundi alikuwa na kimya tu, na kimya kina sura moja. Aliuliza, "Umenikasirikia?" Mkono wa mkewe ukachelewa, kisha ukagonga mbili. Kule kuchelewa akalala nako.

Akaanza kumtafuta ndani ya nyumba kwa masikio. Alisikiliza fagio, akajaribu kukisia kama linafagia kwa uchungu. Alisikiliza sufuria. Alisikiliza pumzi upande wa pili wa kitanda na hakuijua, maana mkewe hajawahi kulala bila kwanza kunung'unika kuhusu shuka. Wakati mwingine alinyoosha mkono kuhakikisha kwamba yupo, na akamkuta yupo, na bado akamkosa. Alimkosa mtu aliyemshika, na ukiwa ule hakuwa na wa kumsimulia.

Kitu kimoja kilimtesa zaidi. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, muziki wa Ya Ngazi ulianza, zile zumari zake za majivuno. Na kila jioni, kabla zumari hazijamaliza, Mwalimu aliinuka kutoka kwenye kochi akaenda kuzima. Rimoti ilikuwa karibu naye. Lakini aliinuka, akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka kwenye runinga, akasimama pale kidogo, kisha doa likafa.

Anasimama pale kufanya nini? Fundi alilifikiria hilo mchana kutwa barazani, ameshika tama. Jibu lilipomjia lilimwingia kama kibanzi cha chuma. Anaangalia. Anasimama karibu ili aone angalau nani yuko juu ya ngazi leo, halafu anazima, kwa sababu mumewe alisema imemchosha. Kwa sababu mumewe alisema hainogi. Anaipenda na yeye! Haikuwa huduma tu. Jioni zote zile hakuwa mtu anayemsomea kipofu. Alikuwa mke anayeangalia tamthilia na mume wake.

Jioni hiyo zumari zilipoanza na kochi likaanza kuinuka, Fundi alirusha mkono, akakamata upindo wa gauni.

"Usizime," alisema. "Nilikudanganya, mke wangu. Haijanichosha hata siku moja. Niliogopa sauti yako itaisha nibaki sina hata uso wako. Nikaona heri nikuudhi unyamaze. Nisamehe."

Hakuna gonga. Zumari zikaisha. Mtu mmoja kwenye runinga akaanza kulia kwa lugha yake. Fundi alikaa ameshika upindo wa gauni, na hakuwa na njia ya kujua lolote.

Kisha kochi likazama upande wa pili, likazama kabisa, kama mtu aliyeketi ili akae. Mkono wa Mwalimu ukaja, ukauchukua mkono wake kwenye gauni, ukaulaza juu ya paja. Doa la mwanga likabaki linawaka.

Kwenye runinga kilio kikaongezeka. Fundi akategea sikio. "Ni harusi?" aliuliza, maana watu wa Ya Ngazi hulia hata harusini. Gonga mbili. "Basi ni msiba." Moja. Akaketi wima. "Wa mkwe mkubwa?" Mbili. "Yule mwanasheria mwizi? Sema ni yeye, nifurahi." Mbili, na tumbo la Mwalimu likatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, naye akakisikia kupitia begani.

Akasikia nyayo zinashuka ngazi, moja, moja, nyayo nzito. "Huyo ni Bibi Mkubwa anashuka." Moja. "Mwenyewe? Hajawahi kushuka huyo." Moja. "Ameshikwa mkono?" Moja. "Na nani?" Akajikumbuka, hilo si swali la gonga. Akakaza masikio, na chini ya kilio, chini ya nyayo, akakisikia kitu kidogo cha bati kikitua sakafuni.

"Ndoo," alisema. "Ameshikwa mkono na Ndoo."

Mwalimu hakugonga. Alimbana mkono mpaka vidole vikauma.

Basi Fundi akaendelea. Alisimulia yeye, yule asiyeona, na akasimulia kwa kujiamini kabisa: kwamba wakwe wamesogea ukutani kumpisha msichana wa kazi, kwamba mwanasheria amekosa pa kutazama, kwamba marehemu atakuwa ni yule mtoto wa kiume mpenda magari. Alipokosea alipigwa mbili, akarudi nyuma, akajenga upya. Alipopatia alipigwa moja. Mara mbili alikosea na Mwalimu akamwachia, hakumgonga, kwa kuwa ya Fundi ilikuwa tamu zaidi. Hilo Fundi hakulijua.

Zumari za mwisho zikapigwa. Mtangazaji akaanza kuuza sabuni, na Mwalimu hakuinuka. Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono. Lilikuwa limebaki swali moja, na lilikuwa jepesi, na ndilo alilokuwa akilizunguka ndani ya nyumba nzima tangu kimya kianze.

"Na wewe, Mwalimu," aliuliza. "Upo?"

Moja.