Kumi Isiyotolewa

Katika karakana ile ya useremala, tepu za kupimia hazikukaa. Zilinunuliwa mpya, zikaning'inizwa msumarini, na kabla wiki haijaisha zilikuwa zimeota miguu. Iliyodumu ni moja tu, nayo ilidumu kwa ubovu wake: kipande cha mwanzo kilikatika zamani, na mwizi gani angehangaika na tepu isiyo na mwanzo? Mafundi wakaizoea. Mmoja alishika mstari wa sentimita kumi ukingoni mwa ubao, akaita "Kumi!" kwa sauti, mwenzake akasoma namba upande wa pili, kisha akatoa kumi kabla ya kuandika. Kila fundi mgeni aliwacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu na yeye alikuwa anaita kumi.

Msomaji na mwandishi wa namba hizo alikuwa Kamusi. Jina hilo alibandikwa na wenzake, na kisa chake kilianzia nyumbani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye mikono ya kuaminika, ila darasani hakufika mbali. Mwaka mmoja nyuma alirudi kutoka kazini mapema, akamsikia binti yake wa kidato cha pili akimwambia rafiki yake sebuleni, "Baba usimuulize. Hajui, halafu anakasirika." Hakuingia. Alibaki mlangoni na kiatu kimoja mkononi, aibu imempanda mpaka masikioni, maana lilikuwa neno la kweli. Juzi yake tu binti alimletea hesabu, na yeye akafoka kwamba walimu wa siku hizi wamekuwa wavivu.

Hapo ndipo alipoamua kuongeza akili. Mwingine angeanza kwa kumwomba binti amweleze ile hesabu. Yeye alitafuta kamusi kuukuu isiyo na jalada, akawa anameza maneno ishirini kila asubuhi chooni, ambako hakuna wa kumsumbua. Alifika kazini amejaa mpaka pomoni. Ukimwambia gundi imeisha, alikujibu kwamba imeadimika. Watu wakacheka, wakamwita Kamusi, na masikini ya Mungu akalipokea jina kama cheo.

Aliyeshika tepu upande wa kumi alikuwa mzee wa hamsini na kitu waliyemwita Taratibu, kwa kuwa kila jambo aliliuliza mara mbili. "Ubao huu ndio wa mlango? Ndio wa mlango, eh?" Walimtania mchana kutwa. Katika miaka yote ile hakuwahi kuharibu ubao hata mmoja, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Basi ikaja kazi ya madirisha kumi na manne ya zahanati mpya. Wakaenda wawili kupima matundu ukutani. Taratibu akashika, akaita kumi, mara kumi na nne juu na mara kumi na nne ubavuni. Kamusi akasoma na kuandika, lakini mawazo yake yalikuwa kwa muuguzi mmoja aliyesimama kuangalia. Alikuwa akimweleza kwamba hesabu kwa Kiswahili kilichonyooka huitwa mkokotoo. Muuguzi akasema loo, kumbe. Kamusi akavimba kichwa, akaandika namba zote kama alivyozisoma.

Waliporudi karakanani, kabla msumeno haujawashwa, Taratibu akachungulia daftari.

"Mdogo wangu, hizi umeshazitoa kumi?"

"Nimeshatoa."

"Umeshatoa, eh?"

"Kaka, hesabu niachie mimi," Kamusi akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine ya randa, na watu wakacheka.

Fremu zilitoka nzuri, laini, pembe zake zimekutana bila ufa. Zikapelekwa zahanati, na hakuna hata moja iliyoingia. Zote zilizidi sentimita kumi kwenda juu na kumi kwenda ubavuni.

Bosi wao, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliwaita wote. Akauliza swali moja: ilikuwaje? Kamusi alikuwa ameshafungua daftari. Aliziona namba, akamkumbuka muuguzi, na akajua. Alijua wazi kabisa, hapohapo, huku macho ya watu wanane yakimtazama. Akafikiria watakavyomcheka. Kamusi! Kamusi nzima, na kumi imemshinda!

"Taratibu alishika vibaya," akasema. "Alishika kwenye ishirini."

"Mimi?" Taratibu akashtuka. "Mbona niliita kumi?"

"Uliita kumi, lakini ulishika ishirini. Niliona, nikadhani unajua unachofanya."

Uongo huo ulikuja wenyewe, umekamilika, na pengine ndilo jambo la akili kuliko yote aliyowahi kuyatoa kichwani mwake. Taratibu alivitazama vidole vyake. Angeng'ang'ania, mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyezoea kujiuliza mara mbili, ukimwambia kakosea, ataamini.

"Labda," akasema polepole. "Labda nilishika ishirini."

Fremu zikafumuliwa, zikakatwa upya. Taratibu akaondolewa kwenye kupima, akapewa msasa. Kamusi alijiambia kwamba msasa ni kazi nyepesi, na mzee atapumzika.

Mzee hakupumzika. Alianza kuandika mambo kwenye kiganja kwa penseli. Alifunga kabati la zana, akaenda hatua tano, akarudi kulivuta. Zamani aliuliza mara mbili, sasa akauliza mara nne, na wenzake waliokuwa wakimcheka wakaacha, jambo lililokuwa baya zaidi. Baada ya mwezi mke wake akaanza kumsindikiza asubuhi mpaka getini, na jioni kuja kumchukua. Kamusi alipomwona mama yule amesimama pale na mkoba wake, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Siku moja wakati wa chakula Taratibu akaja kukaa karibu naye.

"Mdogo wangu, wewe umejiendeleza. Nimekuona kwa macho yangu. Hivi mtu wa kawaida anaweza kuongeza akili? Au angalau kuzirudisha zilizokuwepo?"

Kamusi akarudisha tonge sahanini. Hapo ndipo angesema. Badala yake akasema, "Inawezekana, kaka. Ni mazoezi tu." Akamwandikia maneno kumi kwenye karatasi.

Kesho yake Taratibu alirudi ameyakariri. Nane aliyasema bila kusita. Mawili yakampotea, na akajipiga kofi la paji la uso, kofi la kweli, mpaka mafundi wa upande wa pili wakageuka.

"Unaona?" akasema. "Unaona, mdogo wangu? Hata hospitali, mke wangu aliponipeleka, ilikuwa hivihivi. Daktari aliniuliza leo tarehe ngapi. Naijua! Lakini nikaogopa nisije nikakosea, nikakaa kimya. Akaandika. Sijui aliandika nini. Nipe mengine kumi."

Kamusi aliuangalia ule wekundu wa kofi kwenye paji la mzee. Mwaka mzima alikuwa akitafuta akili, na kumbe alichofanya ni kumwibia mwenzake zake. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na Taratibu bado alikuwa ameshika penseli, anasubiri maneno.

"Kaka," akasema. "Hukushika ishirini."

"Nini?"

"Ulishika kumi. Ni mimi sikutoa. Nilikuwa napiga domo na yule muuguzi. Nilijua siku ileile, mbele ya bosi."

Taratibu aliweka penseli chini. Kamusi alisubiri tusi, hata ngumi, na angeipokea kwa shukrani.

"Kwa hiyo nilishika kumi?"

"Ulishika kumi."

"Madirisha yote kumi na manne? Yote, eh?"

"Yote, kaka. Juu na ubavuni."

Mzee akapumua kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la mbao.

"Sasa kwa nini ulinisingizia?"

"Niliogopa kuonekana mjinga."

"Mbele ya nani?" Taratibu aliizungushia karakana macho, mbao, gundi, majiko mawili ya chai, mafundi wanalamba vidole. "Mbele yetu sisi?"

Kamusi alisimama, akaenda kwa bosi, akayasema yaleyale mbele ya watu wote. Maneno yote magumu yalimkimbia. Akasema nilikosea, nikasingizia, basi. Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, kile kimya kikamvua nguo.

"Kesho Taratibu anapima na kuandika," bosi akasema. "Wewe utashika kumi. Na yeye akikuuliza mara mbili, utajibu mara mbili."

Alidhani yamekwisha. Jioni, walipokuwa wakinawa, Taratibu akamwambia, "Mimi nimekusikia. Sasa nenda kamwambie na yeye," akaonyesha getini kwa kidevu.

Mke wake alikuwa pale na mkoba wake. Alipomwona Kamusi anakuja, uso ukamkunjuka.

"Shemeji! Afadhali umekuja mwenyewe, nilikuwa nataka kukushukuru. Kaniambia unavyomfundisha maneno. Jana hakulala mapema, anakariri tu. Wengine wangemkimbia."

Kamusi akaona bora angechapwa viboko kuliko kupewa shukrani hizo. Akainamisha kichwa, akamweleza yote, kuanzia muuguzi mpaka karatasi ya maneno kumi. Alisema taratibu, bila kuruka kitu. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, tabasamu likitoka usoni kidogokidogo.

"Kwa hiyo haumwi," akasema.

"Haumwi, shemeji. Hakuwahi kuumwa."

"Lakini mimi..." Alifungua mkoba, akatafutatafuta, akatoa ufunguo mmoja. "Nilimnyang'anya ufunguo wa nyumba. Mume wangu, mtu mzima. Nilimwambia atatupotezea. Aliutoa mfukoni bila neno, akanipa."

Taratibu alikuwa akija kutoka kwenye bomba, anajikausha mikono kwenye suruali. Mama yule aliuficha ufunguo kiganjani, akautoa tena, kisha akamgeukia Kamusi.

"Nitamrudishia kwa maneno gani?" akauliza.

Kamusi alijua maneno elfu saba. Akasema hajui.