Kunde za Nyaruach

Makena aliibandika picha ya sahani kwenye nguzo ya kibanda, akainyoosha isikae upande, kisha akawaambia kina mama wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe nafaka, na robo iliyobaki iwe maharagwe au njegere. Nyama ipunguzwe, alisema. Maziwa na mayai nayo yapunguzwe. Dunia nzima ilikuwa inapunguza. Ilikuwa vizuri kwa moyo, kwa presha, na kwa hali ya hewa, ambayo ilikuwa imeharibika. Kina mama walikaa mikekani wakisikiliza kwa adabu, maana mwisho wa somo kila mmoja angepewa kipande cha sabuni.

Nyaruach aliinua mkono. Alikuwa amempakata binti yake Nyamal, wa miaka miwili, na ilibidi kwanza amhamishie paja la pili.

"Dada, mimi nataka kupunguza," alisema. "Lakini napunguza kutoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Makena aliitazama ile sahani kana kwamba jibu limechorwa pembeni. Alikuwa msichana wa Meru, mwenye roho nzuri, aliyepanga chumba Nawoitorong kule Lodwar na kuja Kalobeyei kila wiki kwa gari la shirika. Alisema swali ni zuri, na kwamba ataliuliza Lodwar.

Nyaruach alikuwa amezaliwa kwenye zizi, Sudan Kusini, ng'ambo ya Nasir, katika nyumba ambayo mtoto alijua rangi za ng'ombe kabla ya kujua majina ya shangazi zake. Vita viliwachukua ng'ombe. Mumewe, Gatjang, alirudi kutafuta waliosalia. Hakuonekana tena, wala habari zake. Sasa mgao wa chakula ulikuwa umekatwa, ukakatwa tena. Nywele za Nyamal zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi, na miguu yake ilivimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Uji wa mtama alikuwa ameukataa. Ukimsogezea kijiko alifunga mdomo na kugeukia ukutani, kama mzee aliyechoka na wageni. Daktari wa zahanati alisema mtoto apewe maziwa. Nyaruach alimshukuru.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kishamba kidogo, hakizidi upana wa mikeka miwili, alichopanda kunde na kukinyeshea maji ya kuoshea vyombo. Kwa kuwa hakuwa na ng'ombe wa kuwaita, mashina aliyapa majina ya ng'ombe, kwa rangi zao. Lenye majani meupe kwa chini aliliita Bor. Lenye madoa aliliita Rial. Jioni aliyaimbia nyimbo za baba yake, si kwa sababu yoyote, ila koo lilikuwa limezoea.

Jioni moja, jua likizamia upande wa Lokichoggio, kunde zililia.

Haukuwa upepo. Ilikuwa sauti ya ng'ombe mwenye chuchu zilizojaa, aliyecheleweshwa. Nyaruach aliona aibu kwamba amezifanya zisubiri. Aliosha sufuria, akachuchumaa, akalishika shina la Bor kwa vidole viwili na kuvuta taratibu kuelekea chini. Maziwa yalitoka, yakagonga chini ya sufuria kwa ule mlio ambao hakuwa ameusikia tangu kwao. Yalikuwa ya moto, yenye povu. Alimkama Bor, akamkama Rial, akawafuata wengine mmoja mmoja hadi mkono ukauma.

Nyamal alikunywa macho yakiwa wazi. Alipomaliza aliikumbatia sufuria akaichungulia ndani. Kisha akalala bila kulia, na Nyaruach akakaa kando yake akiisikiliza ile pumzi, akiogopa kuifurahia.

Kesho yake alikuja Akeno. Akeno alikuwa mama wa Kiturkana aliyeleta kuni kutoka ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu wa mchanga, na kubadilishana na unga, siku ambazo unga ulikuwepo. Mbuzi wake wote walikuwa wameisha kwenye kiangazi, wakabaki kengele zao tu. Aliutua mzigo wake, akasalimu.

"Ejok."

"Ejok, Akeno."

"Ng'ombe yako inalia."

"Si ng'ombe. Ni kunde."

Akeno alizunguka nyuma ya nyumba, akazitazama, akalipitisha jani moja mkononi kama anayepima afya ya sikio la ndama. "Iko na njaa," alisema. "Na wewe unakamua mpaka mwisho. Usikamue mpaka mwisho. Achia ile midogo." Akamwonyesha vichipukizi chini ya majani. Nyaruach alijua hayo tangu utotoni, lakini alikuwa na mtoto mgonjwa, na mwenye mtoto mgonjwa hukamua mpaka mwisho. Alikubali. Tangu siku ile walikama pamoja, na Akeno akapata kikombe chake, na hakuna aliyetaja unga wala kuni tena.

Nyamal alianza kukaa mwenyewe. Uvimbe ulipungua. Siku moja alimwita paka.

Habari ya maziwa haifichiki. Majirani walikuja na vikombe, Makena naye akaja na gari, akaonja, akafurahi kwa dhati kabisa. Alisema huo ndio mfano waliokuwa wakiutafuta: mlo wa mimea, na mtoto ananenepa. Aliahidi kuwaambia wakubwa wa Lodwar. Wakubwa walikuja na magari mawili. Walinywa chai ya maziwa ya kunde, wakaisifu, mmoja akaomba kikombe cha pili. Kisha wakasogea kivulini wakaongea Kiingereza muda mrefu, na Makena akatumwa kuja kueleza.

"Mama, makubaliano na wenyeji yanasema mkimbizi hafugi ng'ombe," alisema.

"Hii ni kunde."

"Ndiyo. Kwa hiyo hutanyang'anywa. Lakini nyumba yenye maziwa inahesabika inajitegemea. Kwa upande wa chakula, wameamua ni ng'ombe. Mgao wako utapunguzwa."

Nyaruach alifikiri kidogo. "Basi niruhusiwe kunywesha kwa birika ya mifugo. Ile ya karibu na barabara."

Makena aliangalia viatu vyake. "Kwa upande wa maji, ni kunde. Na kiangazi hiki mboga hazina mgao wa maji."

"Kwa hivyo mimi nikikula, ni ng'ombe. Yenyewe ikitaka kunywa, ni mboga."

"Si mimi niliyeamua, mama."

"Najua. Wewe unatafsiri tu."

Magari yaliondoka. Vumbi lilitua juu ya majani, na Nyaruach akayafuta kwa kitambaa kikavu.

Kiangazi kilizidi kukaza. Bomba lilifunguliwa asubuhi likafungwa kabla foleni haijafika katikati. Nyaruach alimpimia Nyamal kikombe, akazipimia kunde kikombe, yeye akalamba kifuniko cha mtungi. Alijaribu kuwapa watu maziwa wampe maji, lakini watu nao hawakuwa nayo. Alikwenda kwenye birika la mifugo akasimama na ndoo. Mchungaji wa pale akamwuliza wanyama wako wapi, akasema wako nyumbani, na mchungaji akasema walete. Alirudi na ndoo tupu.

Maziwa yalipungua, yakawa mepesi, yakaingia rangi ya samawati. Rial alikuwa wa kwanza kuanguka. Nyaruach alifanya lile ambalo hufanyiwa ng'ombe aliyekufa: alimkata, akampika, akamwita Akeno aje achukue fungu lake. Mchuzi ulikuwa na mafuta juu. Walikula, na Nyaruach hakumaliza sehemu yake, kwa kuwa alikuwa amemjua.

Nywele za Nyamal zilianza kupauka upya.

"Akeno, nifanye nini?" aliuliza. "Niambie. Nikimwagia hizi, mtoto anakauka. Nikimpa mtoto, hizi zinakauka, halafu mtoto anakauka."

"Hakuna kitu ya kufanya," Akeno alisema. "Mnyama akikosa maji anahama. Ikitaka kuhama, usizuie."

Zilihama asubuhi moja, kweupe. Nyaruach alitoka akazikuta zimekwisha kung'oa mizizi, zimejipanga mbele ya nyumba, Bor akiwa mbele, vichipukizi vimewekwa katikati. Hazikumngoja. Alimfunga Nyamal mgongoni, akashika fimbo, akazifuata, na Akeno akajiunga nao kwenye kona akiwa na kibuyu.

Zilitambaa kwa mwendo wa mifugo, si wa haraka wala wa kusimama. Njia nzima watu waliwapisha. Pale Kakuma mwenye duka mmoja alivuta magunia yake ndani ili yasikanyagwe. Lori la kutoka Lokichoggio lilizima injini, dereva akateremsha kioo akauliza zinaelekea wapi.

"Loima," Akeno alijibu. "Kule kwa milima, juu ya Namoruputh. Kule iko majani. Iko watu yangu."

"Mbali," alisema dereva.

"Mbali," Akeno alikubali.

Nyaruach alitembea akiwa na tumaini la ajabu kifuani, tumaini lililomuuma kama njaa yenyewe. Alikuwa akichunga. Mkono wake ulikumbuka fimbo. Nyamal, mgongoni, aliiga milio ya kunde kwa sauti ndogo.

Alasiri walifika kwenye kizuizi cha polisi, kwenye barabara ya Lodwar. Askari aliyekuwa zamu aliitwa Kipchumba. Alizitazama kunde zikija, akaweka kikombe chake chini, akainua chuma kilichoziba barabara. Zilianza kupita, Bor mbele. Nyaruach alipofika, chuma kilishuka.

"Kibali cha kusafiri, mama."

"Sina. Hizi ni zangu."

"Sijakataa ni zako. Zenyewe zinapita. Mboga haiulizwi kibali. Ila wewe ni mkimbizi, na mkimbizi hatoki bila karatasi."

"Nitapata wapi karatasi leo?"

"Leo hupati. Unaomba, unangoja. Hata mwezi."

"Mtoto hana mwezi," Nyaruach alisema. "Angalia nywele yake."

Kipchumba aliangalia. Alikuwa na watoto wake kule Baringo, na aliangalia vizuri. "Pole, mama," alisema. "Sheria si yangu."

Kunde zilikuwa zinakwenda. Akeno, ambaye hakuulizwa kitu kwa kuwa alikuwa kwao, alisimama upande wa pili akigeuka kuzitazama, akigeuka kumtazama Nyaruach.

"Na huyu mtoto?" Kipchumba aliuliza, kwa sauti ya chini kidogo. "Ni wa nani?"

Nyaruach alielewa anaulizwa nini. Mtoto wa mwenyeji haombwi karatasi. Nyamal alikuwa akimchezea shingo kwa kidole.

"Ni wake," alisema, akimwonyesha Akeno kwa kidevu. "Mimi nilimbebea tu."

Alifungua lile fundo la kanga. Liligoma, akalifungua kwa meno. Kipchumba akageuka upande wa lori lililokuwa linakuja, akaanza kulipungia mkono ingawa lilikuwa bado mbali. Nyaruach alimpitisha mtoto juu ya chuma. Nyamal alienda bila kulia kwa sababu mikono ya Akeno aliijua; alilia baadaye, alipoona mama hafuati.

"Usimkamue Bor mpaka mwisho," Nyaruach alisema.

"Najua."

"Anapenda kuimbiwa. Mtoto naye."

"Najua, Nyaruach. Rudi sasa. Usisimame hapa, atazidi kulia."

Lakini alisimama hadi vumbi likatulia.

Baada ya muda habari zilikuja, kwa midomo ya wachungaji: kunde zilifika Loima, kulinyesha kidogo, Bor amezaa. Nyamal ana nywele nyeusi. Anakimbia. Anaongea Kiturkana, na Akeno ndiye anayemwita mama.

Nyaruach alikwenda ofisini kuomba kibali. Makena ndiye aliyekuwa mezani, amewekwa kutafsiri. Alieleza kwamba kibali hutolewa kwa ugonjwa, masomo au biashara.

"Mimi nataka kuona mtoto yangu."

"Mama," Makena alisema, na macho yake yalikuwa mekundu, "polisi waliandika kwamba yule mtoto si wako. Hata mgao wako sasa ni wa mtu mmoja."

"Niliwaambia hivyo ili apite."

"Ninajua. Lakini waliandika."

Kiangazi kile mashamba mengi yalihama. Mchicha wa Wakongo ulihama, na bamia za watu wa Darfur, na hakuna aliyetoka nje kushangaa tena. Watu walisogeza tu baiskeli zao. Kina mama wengine nao walifika kwenye kizuizi na kurudi mikono mitupu. Nyaruach huenda pale kila apatapo nguvu, kwa sababu wachungaji hupitia hapo. Kipchumba humpa benchi.

Juzi lilipita shamba la mtu, na nyuma kabisa ulikuja mche mmoja mdogo uliochelewa, ukanasa kwenye jiwe chini ya chuma. Nyaruach aliinuka, akauinua kwa mikono miwili, akausogeza upande wa Loima, akaupiga kofi dogo la kuuharakisha. Ulienda. Alipoangalia chini aliona miguu yake imevuka chuma kidogo. Kipchumba naye aliona, akakohoa. Nyaruach akairudisha.