Kisiwa Mchangani Kalamba

Kata ya maji iligonga kitako cha pipa mara moja, kisha kimya. Kulikuwa bado giza. Nilijua ni Bi Mwanamisi, mama mkwe wa binti yangu, anatafuta maji ya kutawadha. Nikangoja igonge tena, haikugonga. Alikuwa ameona pipa limekauka karibu lote, akatosheka na kata moja, wala hakuniambia. Wema wa namna hiyo humwondolea mtu nguvu ya kugombana, nami nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Alikuja kutoka pwani kumchukua Kathini wangu. Kathini alipelekwa kufundisha kisiwani kwao miaka mitatu iliyopita, akaolewa huko huko. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, amekuja kunitembelea, na mimi nilitaka ajifungulie hapa Kalamba. Mahali ambapo njia humezwa na maji kila siku, mtoto atazaliwaje?

Kulipopambazuka tuliteremka sisi watatu kuchimba maji mtoni. Wakati wa kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Bi Mwanamisi alisimama katikati akatazama huku na huku.

"Maji yenu yametoka saa ngapi?"

"Mwezi wa tano."

"Na yarudi lini?"

"Mungu akipenda, wa kumi na moja."

Kathini alicheka hadi akashika tumbo. "Mama, kwetu yanarudi kabla hujamaliza kufua."

Kwetu. Nilijifanya sikusikia.

"Lakini hayo ya kwenu yanaenda wapi?" nikamwuliza mkwe wangu. "Hakuna kiangazi, hakuna aliyeyachota. Yanaenda wapi?"

"Yaenda zake. Kisha yarudi."

Sikuelewa hata kidogo. Akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora. Huku mikoko, miti inayosimama majini. Huku nyumba tisa, zote juu ya mwamba, kwa kuwa kwingine hulowa. Kisima kimoja cha maji baridi, yasiyo na chumvi. Msikiti. Shule ya madarasa mawili, ya Kathini. Kisha akaburuta kisigino, akatoa mstari mrefu hadi karibu na miguu yangu: njia ya kwenda bara. Hutokea mara mbili kwa siku, akasema, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana. Nilijaribu kuiwaza njia inayochelewa, kichwa kikazunguka.

"Na uchungu ukimshika maji yakiwa yamejaa?"

"Mwezi wa mwisho atakaa ng'ambo, kule bara, kwa dada yangu, karibu na hospitali. Bahari ina saa zake, mkwe, nasi twazijua. Huu mto wenu, saa zake mwazijua?"

Nikainua jembe. Siku niliyokuwa naenda zahanati kumzaa Kathini, hapa hapakuwa na tone la mvua. Ilinyesha huko vilimani, mto ukashuka ghafla, ukanifungia njia. Nilizalia ukingoni, mwanamke nisiyemjua akinisitiri kwa leso yake. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mwanangu, na sijui kwa nini nilimwambia asubuhi ile, jembe likiwa mkononi.

Kathini alinigeukia. "Kumbe unanitishia maji, na wewe ulinizaa kwenye matope?"

"Kwenye mchanga," nikasema.

"Nitaenda naye, mama."

Nilitazama zile nyumba tisa za mchangani, nikautazama mto, nikashindwa kujua hatari iko upande gani. Nikaendelea kuchimba.

Kesho yake niliwasindikiza hadi stesheni ya Emali. Bi Mwanamisi alimwekea Kathini shuka nyuma ya mgongo hata kabla hajaketi vizuri. Nilimpa mkwe wangu mfuko wa ndengu za shamba langu. Nilitaka kumwambia anitunzie mwanangu, lakini maneno yalitoka mengine.

"Mkwe, kile chumba ulicholala ni chako. Uje tena, hata kama hakuna wa kumchukua."