Siku Mama Alipotakiwa Kuinua Mkono

Siku hiyo nilichoka mwili, lakini zaidi nilichoka maneno. Mama yangu alikuwa na miezi mitatu kitandani tangu kiharusi kimpate. Upande wa kulia umekufa, ulimi umekufa, amebakiwa na mkono wa kushoto wenye nguvu kidogo na macho yanayokufuata chumbani kote. Mimi Subilaga, bintiye wa pekee, ndiye niliyerudi Tukuyu kumwuguza, na ndugu zangu wawili walikuwa wakija kugombea roho yake mbele yake, kana kwamba kiharusi kimemtia na uziwi. Mdogo wangu Lwitiko, aliyeokoka akahamia kanisa la kiroho kule stendi, alisema Mama hajawahi kutamka kwa kinywa chake kwamba amempokea Yesu, na mtu asiyeamua mwenyewe hana wokovu. Kaka Ambakisye, mzee wa kanisa letu la Kipresbiteri, anayevaa tai hata akija kula ugali, alimcheka. "Tangu lini maiti akaamua kufufuka? Mungu ndiye anayechagua, na alikwisha kuchagua kabla milima hii haijawekwa." Nikamwuliza, "Kwa hiyo Mama amechaguliwa?" Akasema, "Hiyo ni siri ya Mungu," akasogeza sahani aongezewe mboga. Jamani! Nilitamani kumwekea na mwiko.

Jumapili iliyotangulia Lwitiko alimleta mchungaji wake, Mchungaji Mwasomola, mtu mpole, sina neno naye. Aliinama akasema, "Mama, kama unampokea Bwana Yesu, inua mkono." Mama akamtazama. Tukasubiri mpaka chai ikapoa, na mkono haukuinuka. Basi siku hiyo walikuwa warudi saa kumi, na asubuhi Lwitiko alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Dada, daktari amesema hana siku nyingi. Akishindwa, wewe mshike kiwiko umwinulie. Kidogo tu. Au unataka Mama aende motoni kwa ajili ya kiwiko?" Nilimfukuza, nikamwambia atoke kabla sijammwagia maji ya moto. Alipotoka nililia, maana ningejuaje? Labda Lwitiko alikuwa sahihi, na roho ya mama yangu ilikuwa ikisubiri kiganja changu. Au ni Ambakisye aliyekuwa sahihi, na tangu zamani mlango ulikuwa umefungwa, na mimi nilikuwa ninamwosha na kumlisha uji mtu aliyekwisha kutupwa. Sikujua lipi baya zaidi. Mchana nilimgeuza Mama, nikampaka mafuta mgongoni, nikakaa kwenye kigoda, nikalaza kichwa ukingoni mwa godoro, na mvua ikipiga bati usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikaota nimembeba Mama mgongoni katika nchi nisiyoijua, nchi ya udongo mwekundu na ukungu mzito, ambako njia zilipanda bila kuonyesha zinakopanda. Mbele yangu alitembea mwanamke mwembamba, sauti yake ya kukwaruza, asiyependa kurudia neno. Nilimtambua bila kuambiwa kuwa ni Dhamiri. Nikamwomba anionyeshe mlango wa kumwingiza Mama kabla hajakata roho. Akasema, "Nitakuonyesha milango yote ninayoijua. Lakini nikushauri, binti: kila utakapofika, usimtazame bawabu tu. Watazame walioingia." Nikamjibu kwamba mimi sikuja kutembea, nina mgonjwa. Akakohoa, akaendelea kupanda.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bwana Hiari, kijana mtanashati, viatu vinang'aa katikati ya matope yale, na mlango wake umeachwa wazi kabisa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Akanyoosha kidole, akasema, "Karibu, lakini mshushe. Hapa hakuna anayeingia kwa mgongo wa mtu. Kila mmoja kwa miguu yake." Nikamwambia, "Baba, huyu hana miguu, ana kiharusi." Akasema, "Mkono wa kushoto anao. Kwa nini hakuuinua?" Kwa adabu kabisa alisema, ndiyo maana iliniuma. Nikakumbuka shauri la Dhamiri, nikachungulia ndani. Watu walikuwa wengi, wanaimba, wanapiga makofi, lakini kila baada ya wimbo kundi zima lilitoka mbio kwa mlango wa uani, likazunguka na kuingia upya, nyuso zimewasawijika kwa hofu. Nikamshika mmoja, mama wa makamo, nikamwuliza vipi. Akahema, "Dada, niliingia jana, lakini sina hakika kama niliingia kwa moyo wote. Hebu niache, nitachelewa!" Nyuma ya mlango ule alikaa bibi mmoja mwenye macho makavu, jina lake Mashaka, akimgusa kila aliyeingia begani na kumwuliza, "Una hakika?"

Tukapanda hadi nyumba kubwa ya mawe, ya Mzee Uteule. Humo hapakuwa na mbio wala makofi. Watu wamekaa kwenye mabenchi, migongo imenyooka, wanasubiri kusikia majina yao, na kila mmoja anamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Uzuri wake ni kwamba hawakuniambia nimshushe Mama. Mzee Uteule, mwenye sauti nzito ya kutuliza, alisema, "Kazi ya kuokoa haimtegemei mgonjwa wala mbebaji. Pumzika." Aisee, lile neno pumzika lilinishuka mpaka magotini, nilitaka kuketi nisiinuke tena. Mara nikasikia kilio nje ya dirisha. Mtu alikuwa amezama matopeni hadi kifuani, anaita, na kwenye mabenchi hakuna aliyegeuka. Nikapiga kelele, "Nyie, hamsikii?" Mmoja akanijibu kwa upole, "Kama ni wa kutoka atatoka." Nikamgeukia Mzee Uteule: "Na mama yangu ni wa kuitwa au si wa kuitwa?" Akasema, "Hilo haliulizwi." Hapo nikawaka. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mzee, nikatoka na Mama yangu, na kwa mkono mmoja nikajaribu kumvuta yule wa matopeni, nisimweze.

Nilipokuwa bado nina hasira njia ikanifikisha kwa mwanamke mnene mwenye tabasamu, akanipokea kama mtu aliyenisubiri mwaka mzima. "Pole na kazi, Subilaga! Hao wasikusumbue. Nani amemwosha mama huyu? Nani ameacha duka lake mjini? Kaka zako wanakuja, wanakula, wanaondoka. Wewe pita kwangu, huu ni mlango wa Stahili." Nikamwuliza Dhamiri huyu ni nani, naye akainamisha uso. Nakiri kwamba mlango huo niliupenda kuliko yote. Nilikuwa nimeyangoja maneno yale kwa miezi mitatu. Nikaingiza bega, mlango ukawa mwembamba. Nikageuka kiubavu, bado haukututosha. Yule mwanamke akasema kwa sauti ile ile tamu, "Ni wa mtu mmoja, mwanangu. Yeye amefanya nini?" Na mimi, loo, mimi mwenyewe, nilipiga magoti nikamshusha Mama matopeni.

Nilipomwona pale chini, mdomo wake umepinda, mvua inamwingia machoni, nilitaka kulia kwa sauti, na sauti haikutoka. Ulimi ulikuwa jiwe. Nikataka kumwinua, mikono ikakataa. Nikaanguka kando yake, nikawa kama yeye, sisemi, siinuki, ninatazama tu. Milango yote ilikuwa wazi nyuma yangu na sikuweza kuingia hata mmoja. Dhamiri akachuchumaa, akaniambia polepole, "Mimi mwisho wangu ni hapa. Nimekuonyesha ulivyo, kukuinua si kazi yangu." Akaondoka. Baridi ilinitetemesha mpaka meno, nikajua kwamba tutafia pale wote wawili, na kwamba ni haki. Ndipo nikasikia mtu anakuja, si kutoka chini kama sisi, bali akishuka kutoka juu, bila haraka. Sura yake sikuiona. Hakuniuliza nilianza safari lini, hakutaja jina langu, hakunipa pole na kazi. Aliinama tu, na baridi ikaanza kuniacha mgongoni.

Nikafumbua macho. Chumba kilikuwa kile kile, bati linalia mvua, shingo inaniuma kwa kulalia ukingo wa godoro. Mabegani nilikuwa na khanga. Ilikuwa ya Mama, ile niliyomfunika kifuani mwenyewe kabla sijalala. Nikainua macho nikamkuta ananitazama, kifua chake wazi kwa baridi ya Tukuyu, na ule mkono wa kushoto umeshika pindo la khanga shingoni mwangu, unatetemeka, haujaachia. Mwe, sijui ilimchukua muda gani! Mkono ule haukuweza kushika kijiko. Nililia pale pale, maana nilikuwa nimefunikwa nikiwa nimelala. Sikuomba, sikuamua, na katika ndoto nilikuwa nimetoka kumtupa. Majibu ya ndugu zangu sikuyapata, na mpaka leo hofu hunirudia. Lakini nilijua ni nani kati yetu wawili aliyekuwa amebebwa mchana ule.

"Hodi!" Lwitiko aliingia na Mchungaji Mwasomola, wanakung'uta mvua, na Kaka Ambakisye nyuma yao na tai yake, amekuja kuhakikisha upuuzi haufanyiki. Mchungaji akainama, "Mama, Bwana asifiwe. Kama unampokea Yesu, inua mkono." Mkono wa Mama ukabaki kwenye pindo la khanga. Lwitiko akanikazia macho, akanionyesha kiwiko kwa kidevu chake, midomo inamtetemeka kama alipokuwa mdogo. Nikamwonea huruma mdogo wangu, kwani naye alikuwa akimpigania mama yake kwa njia aliyoijua. Sikusogea chini ya ile khanga.

"Lwitiko," nikamwambia, "mwache. Mkono wa Mama una kazi."