Kipepeo wa Mama Mkwe

Tangu siku ya harusi, mama mkwe hakuwahi kumwita mume wa binti yake "mwanangu". Alimwita Mkimbiza Wadudu, tena mbele za wageni. "Binti yangu kasoma mpaka kawa muuguzi," alikuwa akilalamika, "halafu kaolewa na mtu mzima na ndevu zake, anakimbia vichakani na wavu!"

Yeye alicheka tu, lakini roho ilimuuma. Riziki yake ilikuwa kupaka nyumba rangi. Vipepeo ndio waliokuwa ugonjwa wake: chumba cha nyuma kilijaa droo zao, kila mmoja kachomwa pini na kuandikiwa jina.

Jumamosi moja akafungua droo ya juu, akaduwaa. Kipepeo gani huyu? Mabawa ya mbele meusi yenye madoa meupe, ya nyuma rangi ya chungwa! Akapekua kitabu mpaka kurasa zikalegea, hayumo. Mbele alifanana na aina moja anayoijua, nyuma na nyingine anayoijua vilevile, naye akaamua huyu ni ndugu yao. Alimnasa lini? Hakukumbuka. Jamani, mtu akitaka kitu sana, akili huenda likizo. Akampigia simu mkuu wa makumbusho, kisha akakimbilia sebuleni.

"Mama, nimevumbua aina mpya! Nitaomba apewe jina lako."

Mama mkwe akaketi pu. "Jina langu? Vitabuni?"

"Dunia nzima ilisome."

"Mungu wangu," akasema, akaenda jikoni, akabaki huko.

Mkuu wa makumbusho akafika na lenzi yake, akamkabidhi mwenye vipepeo. "Haya, nionyeshe mwenyewe hicho kipya."

Akainama. Pale bawa la nyuma linapoungana na mwili, palikuwa na tone linang'aa. Gundi! Tena ile ile ya mama mkwe ya kuungia vikombe. Akainua macho. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, vikombe vikigongana. Kumbe ndiye aliyekuwa akifuta vumbi chumba cha nyuma.

Angeweza kumtaja, na angekuwa amesema kweli.

"Nisamehe, mkuu," akasema. "Bawa lilivunjika, nikamgundishia la mwingine. Nikasahau."

Mkuu akacheka mpaka akashika mbavu. Aliondoka bado anacheka, na bila shaka makumbusho yote yangesimuliwa kabla ya Jumatatu kwisha. Fundi wa rangi akabaki kitini, aibu imemjaa, hatamani hata chai.

Mama mkwe akaja kuketi karibu yake.

"Mwanangu," akaita.

Machozi yakamlengalenga. Miaka yote hiyo! "Naam, mama."

"Droo ya chini usimfungulie mtu," akanong'ona. "Kuna mmoja nimempa kichwa cha panzi."