Walitaka Kujua Kurwa ni Nani

Muhidin alipofika shambani na wenzake wawili, Kurwa alikuwa amepiga magoti kwenye tope akitengeneza pawatila, lile trekta dogo la mkono. Jua lilikuwa limeshapanda, na wavunaji wa mpunga walikuwa wametawanyika kando ya mfereji.

"Simama," alisema Muhidin. "Leo Kihurio nzima itajua wewe ni nani."

Kihurio ilikuwa ikimjua kwa miaka thelathini. Alizaliwa pacha, Doto akafa siku ile ile. Mkunga alimtazama aliyebaki, akamwambia mama yake, "Huyu mpe muda, atajionyesha mwenyewe." Mama akangoja mpaka akaingia kaburini. Ukubwani sauti ya Kurwa ilikuwa nzito, ndevu hazikuota, akavaa suruali ya kulimia na khanga ya kupumzikia. Aliyemwita kaka alimwitikia. Aliyemwita dada alimwitikia pia. Watu waliyameza hayo, hadi Fadhila, mdogo wake Muhidin, alipomkataa mchumba kutoka Hedaru na kutamka nyumbani kwamba anamtaka Kurwa.

"Mdogo wangu ataolewa na kitu gani?" Muhidin aliuliza.

"Muulize mwenyewe," Kurwa alijibu. "Sijamficha chochote."

Teke likamwangusha chali. Wale wenzake, Salimu na Jabiri, wakamkalia mikono, Muhidin akamvua nguo. Wakainama kuangalia.

"Mwanamke huyu," Salimu alisema hatimaye.

"Una macho kweli?" Jabiri alimpinga. "Huyu mwanamume!"

Wakabishana juu ya mwili wake kama madalali wa ng'ombe mnadani, na kadiri walivyoshindwa kuelewana ndivyo hasira ilivyowapanda. Jabiri aliokota mpini wa jembe, akampiga tayani. Mfupa ulilia. Muhidin akamburuta hadi mferejini, akakizamisha kichwa chake.

"Sema wewe ni nini!"

Kurwa aliibuka akitapika maji na damu. "Kurwa."

Akazamishwa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Wavunaji walisimama wakitazama. Mmoja tu ndiye aliyekimbia kuja: Fadhila, mundu mkononi.

"Kaka, mwachie! Kaka, unamuua!"

Hakumwachia. Fadhila akamkata mkono juu ya kiwiko, mpaka akahisi mundu umegonga mfupa. Muhidin alipiga yowe, wenzake wakatimua mbio, na Fadhila akaruka mferejini kumtoa Kurwa.

Gari moja la mpunga liliwapeleka wote hospitali, mjini Same. Muhidin alilazwa wodi ya wanaume. Kurwa alibaki kwenye korido, taya limevunjika, huku wauguzi wakibishana alazwe wodi ipi. Fadhila alikisukuma kitanda mwenyewe hadi barazani nyuma, akaketi hapo, gauni lake limekaukiwa na damu ya kaka yake.

Kesho yake mama wa Muhidin na Fadhila alikuja na chupa ya uji. Alianzia kwa Muhidin.

"Mama, yule si mtu," mwanawe alisema.

"Daktari ananiambia vidole vyako viwili havitakunjika tena. Usinisemeshe habari za miili ya watu."

Kisha akatoka kwenda barazani. Kurwa, kichwa kimefungwa bandeji, alijaribu kumwamkia. Ilitoka sauti tu.

"Marahaba," mama aliitikia. Akamgeukia Fadhila. "Sijakubali."

"Najua, mama."

"Basi shika kikombe, nimmiminie uji."

Muhidin aliwaambia polisi kwamba alijikata mwenyewe shambani. Wale wenzake hakuna aliyewataja. Kurwa na Fadhila hawakurudi Kihurio. Walipanda mlimani hadi Myamba, wakakodi shamba la tangawizi. Taya lilipona likiwa limepinda. Na huko nako watu wameuliza, kwanza kwa maneno, kisha kwa mawe. Mlango wao umeshavunjwa mara mbili. Mara zote mbili wameugongelea mbao mpya, wakaamkia shambani.